Nyongo ya Mwenye Mwamba

Shuka lilikataa kutakata. Violeth alilifua kwa sabuni ya mche, akalirudia kwa sabuni ya unga, akalimalizia kwa maneno makali, na bado pale alipolala mumewe palibaki umbo zima la mtu, mabega na mapaja, manjano kama bizari. Akalianika juani. Jua la Masumbwe hupausha hata mabati, lakini lile umbo lilipokauka ndipo lilipozidi kukolea.

Akalikunja, akaliweka. Mama lishe wa machimboni hujifunza mapema kwamba si kila anachokiona ni cha kutangaza. Alikuwa akiwapikia wachimbaji wa duara la Nasibu, shimo lililokuwa nyuma ya vibanda, refu kiasi kwamba ukitupa jiwe unasahau kusikiliza. Mumewe, Athanas, alishuka humo kila siku na moko, ile patasi ya mwamba, na nyundo, akapasua mwamba, akapanda na vumbi. Duara lenyewe lilikuwa limekula matimba ya kuzuia kuta, limekula jasho, na halijatema hata punje ya dhahabu ya kumfurahisha mtu.

Baada ya shuka yalifuata mengine. Athanas alianza kujikuna mpaka ngozi ikachubuka. Mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na choo chake kikawa cheupe kama majivu. Jioni alitetemeka kwa baridi ilhali wenzake wamevua mashati. Akawa anashika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, na kusema, "Kuna kitu kimekaa hapa, Mama Suzana. Kimekunja miguu, kimekaa."

Asubuhi moja Nasibu, mwenyekiti wa duara, alimvuta Athanas mlangoni kwenye mwanga, akamfunua kope kwa kidole gumba. Jicho lilikuwa la manjano kabisa. Mtu mwingine angesema pole. Nasibu alitabasamu.

Siku hiyohiyo duara likatema.

Hapo ndipo Violeth alipofahamu kwamba wenzake wote walikuwa wakijua jambo ambalo yeye hakuambiwa. Dhahabu, walisema, haiokotwi, ina mwenyewe. Mwenye Mwamba yuko chini, amekaa kabla ya watu, kabla ya leseni, kabla ya serikali na vijiji vyake. Akimpenda mchimbaji humpaka rangi yake. Mchimbaji huyo akikaa karibu, mwamba unalegea. Akimalizika, mwamba ni wa wenzake. Mganga wa duara, aliyekuwa huko Bukombe, alithibitisha kwa simu, maana siku hizi hata ramli inategemea mtandao: mgonjwa asihamishwe.

Kuanzia hapo Athanas alipendwa mno. Waliletewa godoro jipya. Waliletewa kuku, soda, na chandarua. Mlangoni pao palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda daima kulikuwa na mchimbaji mmoja mwenye mikono mikubwa aliyesema yuko pale kumlinda mgonjwa. Hakusema anamlinda dhidi ya nini. Violeth alipotoka na ndoo, mlinzi alimsalimu. Alipotoka na mfuko wa nguo, mlinzi alisimama njiani.

"Shemeji," Violeth alimwambia Nasibu, "huyu mtu anakwisha. Tumpeleke hospitali Kahama."

"Hospitali wataandika malaria. Wale hata ukivunjika mguu ni malaria."

"Basi waandike. Mradi wamtazame."

Nasibu alishusha sauti. "Subiri kidogo, shemeji yangu. Duara limeanza kuitika. Tukimtoa sasa litafunga mdomo, na vijana wana njaa ya muda mrefu. Mimi nitakuelewa. Wao sijui."

Violeth akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji alimsikiliza kwa adabu kubwa, akafungua kitabu cha sheria ndogo, akakifunga.

"Wamempiga?"

"Hapana."

"Wamemwibia?"

"Wanamletea kuku."

"Mama," alisema mtendaji kwa masikitiko ya kiofisi, "sheria zetu hazina kosa la kumpenda mgonjwa. Ila kama unasisitiza, lete barua ya mwenyekiti wa kitongoji, tuanzie hapo."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Nasibu mwenyewe.

Siku iliyofuata, wakati jua liko utosini na kambi yote imekaa kula, Violeth alisikia nyundo. Ko. Ko. Ko. Alihesabu wachimbaji kwa macho: wote walikuwa mbele ya sahani zao, na karasha la kusagia mawe lilikuwa limezimwa. Akaingia ndani. Sauti ilikuwa humo. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye sakafu ya udongo. Sakafu ilikuwa kimya, baridi, na ikinuka jiwe bichi, ile harufu ya mwamba uliopasuliwa sasa hivi ambao haujawahi kuona hewa. Akainua kichwa. Ko. Ko. Akamtazama mumewe aliyelala chali na macho yamefumbwa, akamsogelea taratibu, kama mtu anayekaribia chungu kisichokuwa na moto lakini kinachemka, akaweka sikio juu ya tumbo lake, chini ya mbavu za kulia, na huko ndani, mbali kuliko urefu wa mwili wa mtu unavyoruhusu, mtu alikuwa akigonga mwamba bila haraka, kama mwenye uhakika kwamba utaachia.

Ukaachia. Athanas alipiga ukelele ambao uliwafanya walaji wote nje wainue vichwa, akajikunja, akajikunjua, jasho likamtiririka la manjano mpaka shingoni, kisha ghafla akatulia. Akatabasamu. "Imeachia," alisema. "Mama Suzana, maumivu yameisha." Violeth alikuwa bado hajamaliza kumshukuru Mungu pale midomo ya mumewe ilipofunguka tena, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya polepole, isiyokuwa na pumzi ndani yake:

"Nimepata njia."

Mpaka magharibi tumbo lilikuwa limeanza kujaa. Mpaka kesho yake lilikuwa gumu kama ubao, na mgonjwa hakuthubutu hata kukohoa. Kila alipogeuzwa, maji yalisikika ndani yakihama, kama ya shimo lililoingiliwa na mkondo. Maumivu yalikuwa yamerudi na ndugu zao wote. Nje, duara lilikuwa likitema kwa namna ambayo wazee wa machimbo walisema hawajaiona, na watu walikuwa wakiimba.

Sasa, kambi ile ilikuwa na mila moja ambayo haikuvunjwa hata na walevi. Mchimbaji akifa, kazi inasimama. Duara linatoa gari na mafuta, maiti inarudishwa kwao siku hiyohiyo, maana maiti ikilala machimboni mwamba hukasirika. Kabla haijaondoka, mjane anasimama mdomoni mwa duara na kutangaza kifo kwa Mwenye Mwamba kwa sauti yake mwenyewe. Na mpaka atangaze, hakuna mchimbaji anayeruhusiwa kumgusa aliyechukuliwa.

Violeth aliyawaza hayo akiwa anamlowesha mumewe midomo kwa kitambaa. Akainama sikioni.

"Baba Suzana. Inabidi ufe kidogo."

Athanas alifungua jicho moja. "Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka Kahama."

"Na nikifa kabisa njiani?"

"Basi hutakuwa umesema uongo."

Alitaka kucheka, tumbo likamkataza. Violeth akamfunga kwa shuka kuanzia kichwani, akaacha upenyo mdogo puani, akatoka nje, akajitupa chini na kulia. Hakuhitaji kuigiza sana. Kilio kilikuwa kimemjaa muda mrefu, kikingoja ruhusa tu.

Wachimbaji walivua kofia. Wengine walilia kweli, kwa kuwa walimpenda Athanas. Wengine walilia huku macho yao yakikimbilia kwenye duara. Nasibu alimshika Violeth mkono kwa upole, akampeleka mdomoni mwa shimo.

"Sema ninavyosema," alimnong'oneza. "Polepole. Usikosee."

Shimo lilitoa pumzi ya jiwe bichi na baruti iliyopoa. Watu wote walikuwa juu. Violeth aliwaona kwa macho yake, wamejipanga, kofia mikononi. Na huko chini, ko, ko, ko.

"Mwenye Mwamba," alisema Nasibu sikioni.

"Mwenye Mwamba," akasema Violeth.

"Athanas mwana wa Mageni amekwisha."

"Athanas mwana wa Mageni amekwisha."

"Ni wako. Namtoa mimi mkewe. Mchukue."

Hapo alisita. Alijiambia kwamba maneno ni maneno, na kwamba shimo halina masikio. Alimwaza mumewe akipumua ndani ya shuka kama mtoto aliyejificha. Akasema. Maneno yalishuka, na mwangwi, ambao siku zote hurudi katika duara lile hata ukipiga chafya, haukurudi. Nyundo ikanyamaza.

"Amepokea," alisema Nasibu, akapangusa uso.

Kikabaki kikwazo cha safari. Nyumbani kwao Athanas ni Samuye, na barabara inapita Kahama. Violeth, akifunga kanga kiunoni, alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea tu, "Sijui polisi wa njiani watasemaje. Maiti bila karatasi ya hospitali siku hizi ni kesi ya mauaji."

Wachimbaji wale walizoea kuishi na jini, lakini polisi waliwaogopa kikwelikweli. Nasibu alikuna kidevu. "Tutapita hospitali tuchukue kibali," aliamua. Kisha akapiga simu Samuye, akawapa habari za msiba, akawaambia waanze kuchimba kaburi. Violeth hakuwa na namna ya kumzuia bila kumfufua mumewe.

Matawi ya majani yalifungwa mbele ya pikapu. Nasibu akashika usukani na mwenzake mmoja akakaa kando yake. Nyuma hakuna aliyetaka kukaa ila mjane. Wakaondoka kwenye jua kali, vumbi jekundu likiwafuata, na Violeth akiwa amepakata kichwa cha mumewe, akamnong'oneza kila baada ya daraja: vumilia, tumepita hili, vumilia. Mwanzoni Athanas alimjibu kwa kumbinya kidole. Baadaye kidole kikalegea. Shuka lilianza kulowa manjano kuanzia tumboni, na harufu ikapanda, ile ya jiwe, ingawa walikuwa wazi kabisa juu ya gari, upepo ukiwapiga kutoka pande zote, na mashamba ya alizeti kulia na kushoto, na watu barabarani wakivua kofia kwa heshima. Na ndipo kutoka chini ya shuka, bila shuka kutikisika, bila lile tundu la pua kupumua, sauti nene ikasema kwa utulivu wa mtu aliyepokea ujumbe na kuuelewa:

"Nimesikia ulichosema. Nitalipa."

Violeth alifunua shuka. Midomo ya Athanas ilikuwa imefungwa, imekauka, ina vumbi. Akaweka shavu karibu na pua yake. Kulikuwa na pumzi, nyembamba kama uzi. Alifunika tena, na tangu hapo mpaka Kahama hakumnong'oneza tena, kwa kuogopa nani angemjibu.

Hospitali hiyo jina lake tuliache. Ina watu wema na kompyuta zake. Mlinzi wa getini aliona matawi, akaona shuka, akawaelekeza mochwari bila kuuliza. Kijana wa mapokezi, Fredy, akapokea jina, umri na kabila, akaandika marehemu, akabonyeza. Mhudumu wa mochwari akafunua shuka.

"Maji," alisema marehemu.

Mhudumu alikaa chini palepale. Nasibu hakukaa. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, macho yakiwa kwa Violeth, si kwa Athanas.

"Shemeji," alisema kwa sauti iliyokauka, "umetangaza uongo kule? Umemtoa mtu aliye hai?"

"Nilikuwa namwokoa mume wangu."

"Hujui ulichofanya." Akaruka kwenye pikapu, na matawi yakiwa bado yanapepea mbele, akaondoka kwa kasi ambayo misafara ya mazishi haijawahi kuwa nayo.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, Euphrasia kwa jina, aliyezungumza kama mtu anayelipia kila neno. Alilibonyeza tumbo, akaliachia, akaona uso wa mgonjwa, akatosheka.

"Fredy, nahitaji damu yake, picha na utrasaundi. Sasa."

"Daktari, mfumo haukubali. Huwezi kumwagizia vipimo marehemu."

"Mfufue."

"Inahitaji saini ya daktari aliyethibitisha kifo."

"Nani alithibitisha?"

Fredy alitazama kioo cha kompyuta. "Hayupo."

"Basi msajili upya. Andika mtoto mchanga. Amezaliwa leo, ana ndevu."

Daktari msaidizi alisema ni utumbo umetoboka, taifodi au vidonda vya tumbo, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa. Euphrasia aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Utumbo ukitoboka, alisema, mara nyingi hewa hupanda na kukaa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Hapa hapana hewa. Na mbona macho ni ya manjano? Utrasaundi ikaonyesha tumbo limejaa maji, na mifereji ya ndani ya ini imetanuka. Akachukua sindano ndefu, akaichoma ubavuni, akavuta. Kilichopanda kwenye bomba la sindano kilikuwa kijani chenye dhahabu ndani yake, kizito, kinang'aa.

Violeth alijishika mdomo. "Ndiyo yenyewe," alinong'ona.

"Ndiyo nini?"

Akamweleza yote, haraka, kwa sauti ya chini: shuka, nyundo, duara, maneno yaliyotoka kwa mumewe. Daktari hakucheka. Hilo lilimtisha Violeth zaidi kuliko kama angecheka.

"Mama Suzana, hii ni nyongo," alisema. "Ini linaitengeneza, inapita kwenye mfereji mpaka utumbo mwembamba. Mfereji ukiziba, inarudi kwenye damu, mtu anakuwa manjano. Ukiziba sana, ukatutumka, unaweza kupasuka. Huwapata watoto wachanga. Mtu mzima, bila ajali, bila kisu, mimi nimesoma tu vitabuni. Sijawahi kumwona. Tusipofungua leo, hatafika kesho. Tukifungua, anaweza kufika."

"Fungueni."

"Damu?"

"Chukueni yangu."

Walimwingiza mchana, na jua lilikuwa limeshainama Euphrasia alipotoka. Alikaa kwenye benchi kando ya Violeth kama akina mama wawili wanaongoja zamu ya kisima.

"Yuko hai. Tumefyonza ndoo nzima. Tumeosha tumbo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka yakatoka meupe. Tundu lilikuwa kwenye mfereji mkuu, dogo kama punje ya mtama. Chini yake kulikuwa na jiwe limeziba."

"Jiwe?"

"Jiwe la nyongo. Watu huwa nalo." Alivua miwani. "Nimelitoa. Nimetoa na kifuko cha nyongo. Nimeacha mpira kwenye mfereji, unatoka nje ubavuni, nyongo ipumulie humo mpaka pale pashikamane."

Violeth alimshika mikono, akailowesha kwa machozi. Daktari alimwacha amalize. Kisha, akitazama ukutani, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Hivi, leo kulikuwa na mafundi wanagonga upande wa nyuma?"

"Sijaona mafundi, daktari."

"Ndiyo. Mashine yetu ya kufyonza ni mbovu," alisema Euphrasia. "Lazima ilikuwa mashine." Akaondoka, akasahau miwani yake kwenye benchi.

Usiku huo Violeth alipowasha simu akakuta mama mkwe wake, Bibi Agnetha wa Samuye, amempigia mpaka chaji yake mwenyewe ikaisha. Alimpigia asubuhi, akamwamkia kama mama, kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Maiti iko wapi? Watu wamekaa, ng'ombe ameshachinjwa!"

"Mayu, Athanas ni mzima. Amepasuliwa, ni mzima."

Kilio cha furaha kilichofuata kilikatika katikati. "Na kaburi?" aliuliza bibi kwa sauti nyingine. "Kaburi limechimbwa, Violeth. Limekaa wazi tangu jana, limesomewa jina."

Wazee wa Samuye walikaa. Kaburi lililotajiwa mtu haliachwi wazi wala halifukiwi tupu. Likiachwa, litamfuata mwenyewe. Wakakata gogo lenye urefu wa Athanas, wakalivika shuka, wakalilaza, wakalifukia, wakala ng'ombe wao. Kila mtu akaona limekwisha.

Violeth alipanga chumba Nyasubi, mtaa wa humohumo Kahama, akawa anakwenda wodini na uji. Wiki zilipita. Macho ya Athanas yalirudi kuwa meupe, mkojo ukarudi kuwa mkojo. Walipiga picha kwa kuingiza dawa kwenye ule mpira, na Euphrasia akaonyesha kwa kidole: dawa imeshuka moja kwa moja hadi utumboni, hakuna jiwe, hakuna mahali panapovuja. Akauchomoa mpira. Kitundu kikafunga. "Nenda nyumbani," alimwambia. "Na usirudi chini ya ardhi kabla ya wakati wako." Mapokezi, Fredy alimwomba radhi: kwenye kompyuta bado alikuwa maiti na pia alikuwa mtoto mchanga, lakini walikuwa wameandikia wizara.

Habari za kambini zilikuwa zimewafikia. Duara la Nasibu lilikauka siku ileile walipoondoka, kana kwamba bomba limefungwa. Violeth alifarijika. Kilichokuwa na mumewe kilifyonzwa, kikamwagwa, na huko kilikotoka kumekauka. Ni hesabu iliyotulia. Alilala usingizi mzuri mara ya kwanza tangu lile shuka.

Walipofika Samuye, Suzana, aliyekuwa akilelewa na bibi yake, alimkimbilia baba yake, na Bibi Agnetha akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili muda mrefu. Lakini nyuma ya nyumba, upande wa makaburi ya ukoo, kulikuwa na watu. Wengi. Wana majembe na makarai.

"Mvua ilinyesha," bibi alieleza, bila kumtazama Violeth. "Udongo wa kaburi lako, mwanangu, ukaanza kumetameta. Jirani mmoja akauosha kwenye karai. Kesho yake wakaja hao."

Samuye ni kijiji cha ng'ombe na pamba. Mtu akichimba, anatafuta maji. Sasa pale lilipofukiwa gogo palikuwa na shimo ambalo mdomo wake ungemeza nyumba. Afisa alikuwa ameshafika kutoka wilayani kuwaambia kwamba uchimbaji bila leseni ni kosa, ila kanuni hazisemi lolote juu ya kaburi la mtu aliye hai, kwa hiyo wamsubiri akaulize. Wakawa wanamsubiri huku wakichimba. Gogo hawakuliona. Walifika pale lilipolazwa, wakapita, wakaendelea kushuka.

Violeth alisimama ukingoni. Alikumbuka sauti ya garini. Nitalipa. Haikuwa imetisha wala kudai. Ilikuwa ya mtu mwaminifu. Mwenye Mwamba alikuwa ametangaziwa mtu na mwenye haki ya kumtoa, kwa sauti yake, mbele ya mashahidi, amepokea, na sasa amekuja mwenyewe mpaka nyumbani kwa marehemu, kwa njia zake za chini, na malipo yote mkononi. Hakuna jini aliyetimiza ahadi kwa unyoofu kama huyo.

"Tunaondoka kesho," alimwambia mumewe. "Popote. Hata Dodoma."

"Kesho," Athanas alikubali. "Leo nipumzike."

Kesho yake mchana jua lilisimama. Wachimbaji walitoka shimoni, wakaenda kujilaza kwenye kivuli cha upande wa pili wa nyumba. Athanas alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mgongo kwa jiko, akimtengenezea Suzana kitanzi cha kuchezea. Violeth alikuwa jikoni akikata vitunguu, ametia tonge la ugali na mlenda mdomoni kuonja chumvi.

"Baba Suzana!" iliita sauti ya Violeth. "Njoo ule!"

Ilitoka shimoni.

Watu wa Samuye humfundisha mtoto, kabla hajajua kuhesabu, kwamba mwito wa jua la utosi hauitikiwi mpaka umwone anayeita. Athanas alilijua hilo tangu utotoni. Lakini hiyo ilikuwa sauti ya mkewe, sauti iliyomnong'oneza vumilia njia nzima hadi Kahama, na mtu haichunguzi sauti kama hiyo.

"Naam," aliitika. "Nakuja."

Violeth alitema tonge, akakimbia. Mumewe alikuwa ameshasimama, mkono mmoja kwenye kovu, anatembea kuelekea nyuma ya nyumba kwa mwendo wa mwanamume anayeitwa kula. "Athanas!" alipiga kelele, na papo hapo, bila kutangulia wala kuchelewa, sauti ile nyingine ikaita pamoja naye, "Athanas!" Akapaza zaidi, "Rudi! Usiende huko!" na huko chini ikasema vilevile, neno kwa neno, kwa koo lilelile, "Rudi! Usiende huko!" Athanas akasimama ukingoni mwa shimo, akageuka. Akamtazama mkewe mwenye nywele timtim na macho yaliyomtoka, anayemkimbilia na kisu cha jikoni mkononi. Akatazama chini, gizani, kulikokuwa kumepoa na kunanukia jiwe. Sauti zote mbili zilikuwa zikimsihi. Zote mbili alizijua.

Akaifuata ile ambayo haikuwa ikitetemeka.